Mguu Wangu Kwenye Klachi ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Wanafunzi wanne kwenye orodha, wamekuja watatu. Aliyeniharibia siku ni fundi cherehani wa saa nne.

Ni mama wa makamo, ncha za vidole zina vidoa vya sindano, leo somo lake la sita. Tulisimama kwenye taa. Kibiriti — gari langu la kufundishia, dogo, jeupe, la pembe nne — linatetemeka kama kawaida yake. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, akatulia, kama anampima mtoto homa. Akauliza raba za injini hii zilibadilishwa lini. Nikamwambia atazame taa. Yeye akaendelea: cherehani yake kubwa ilimfanyia hivi hivi, inaruka mezani, mshono unakwenda upogo, naye mwaka mzima anamsema mshonaji wake kwamba hana mkono. Kumbe vipande vya mpira chini ya mashine vimekwisha. Mshonaji alishaacha kazi zamani.

Taa ikawa kijani. Akaachia klachi, gari likaruka, likazima. Nyuma wakatupigia honi.

"Ni mguu," nikamwambia. "Mguu wako una haraka."

Miaka kumi na tisa nasema ni mguu.

Nimefika nyumbani, mdogo wangu ameshakuja na kuondoka. Beseni limefudikizwa uani, nywele za Mama zimesukwa, nguo zimekunjwa kwa ule mkunjo wake wa pembe tatu. Anazijua zamu zangu kuliko mimi. Anaingia nikitoka, anatoka kabla sijarudi. Miezi minane sasa.

Nikamuuliza Mama kama ameniulizia. Mama akasema chai iko kwenye chupa.

Jumanne, 4 Machi

Maneno ya yule mama hayaniondoki. Eti cherehani! Mtu ana masomo sita tu, ananifundisha gari.

Lakini nilifika mapema, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, nikakaa kiti cha dereva. Si kiti changu. Changu ni cha pembeni, chenye pedali mbili za mwalimu, breki na klachi ya pili. Nikawasha, gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole, vilevile ninavyowaambia wao, bila kuongeza mafuta mapema. Gari likaruka. Chini, mbele, kitu kikagonga — ngo! Chuma kwa chuma. Likazima.

Nikarudia. Likazima.

Mara ya tatu nililitilia mafuta kidogo kabla, nikasubiri kidogo, nikaachia. Likaondoka kwa adabu zote. Kwa hiyo mguu wangu unajua. Mguu ulishajifunza ujanja wake peke yake, haukuniambia. Sijui tangu lini.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimempata Fundi. Fundi wa shule, banda lake liko nyuma ya ofisi, penseli sikioni, maneno yake ya kupimwa kwa kijiko. Nikamwambia Kibiriti linaruka. Hakushangaa. Akafungua boneti.

Akanikalisha nyuma ya usukani: nikanyage breki kwa nguvu, nitie gia ya kwanza, niachie klachi nusu, halafu nirudishe, halafu gia ya nyuma, vivyo hivyo. Kisha tukabadilishana ili nami nione. "Usisimame mbele ya gari," akasema. "Simama ubavuni. Breki nayo ni ya kibinadamu."

Nikaona. Injini ilinyanyuka upande mmoja kama mtu anayetaka kuinuka kitandani, ikaanguka. Ngo. Gia ya nyuma, ikalalia upande wa pili. Mzigo mzito namna ile, unarukaruka kama haukufungwa!

Haukufungwa kweli. Fundi akanionyesha kwa penseli. Injini haikai juu ya gari moja kwa moja; inashikwa na maunti tatu, moja kulia, moja kushoto kwenye gia boksi, moja nyuma. Kila moja ni chuma, mpira, chuma. Mpira ndio unaoumeza mtetemo usifike kwetu. Ukichoka unapasuka, injini inashuka, vyuma vinagongana. Na Kibiriti linavuta klachi kwa kebo, waya mnene unaotoka kwenye pedali. Injini ikiruka inaivuta kebo. Maana yake mwanafunzi anaachia klachi kwa mguu, na injini inaiachia tena kwa upande wake, ghafla. Ni kama watu wawili wameshika kamba moja na mmoja wao hana akili.

"Kwa hiyo si mguu," nikasema.

"Mguu wa nani?"

Akafunga boneti, akafuta mikono. Akasema aliandika hilo zamani. Akanitazama kidogo, kama anasubiri niseme kitu. Nikajua tu: aliandika, na Wiki-Ijayo akalikalia. Mwenye shule yetu tunamwita Wiki-Ijayo kwa sababu hakuna kitu ambacho hakitafanyika wiki ijayo. Choo. Tairi. Likizo zetu.

Nimekasirika sana.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki-Ijayo kasema wiki ijayo.

Halafu kasema ibadilishwe moja tu, ile ya kulia iliyokufa. Gari likilala siku mbili, anasema, wanafunzi wanahamia shule ya jirani. Fundi akagoma. Ukibadilisha moja ukaacha mbili zilizochoka, mpya itabeba mzigo wa wagonjwa na itakufa kabla yao. Zote tatu, au amtafute fundi mwingine. Sijawahi kumsikia Fundi akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

Mimi nikaenda nikaliegesha Kibiriti katikati ya lango, nikalizima, ufunguo nikampa Fundi. Wiki-Ijayo ana gari lake ndani na ana harusi ya kwenda kesho. Alinung'unika robo saa. Akatoa idhini. Jumatano.

Nilifurahi kwa dakika kama kumi.

Jumapili, 9 Machi

Mama amesema leo. Ameanza mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa anachambua mchele. Dereva wa chekechea anakofagia mdogo wangu anaondoka mwisho wa mwezi. Mwalimu mkuu amemwita mdogo wangu, kamwambia nafasi ni yake akiwa na leseni. Anapendwa na watoto, anawajua kwa majina, anajua nani anatapika garini. Lakini leseni hana. Mwaka jana nafasi hiyohiyo ilimpita kwa sababu hiyohiyo, na mpaka leo anafagia pale alipotakiwa kuendesha.

"Si nikamwambie?" nikasema.

"Umwambie nini?" Mama hakuinua macho. "Uliyomwambia hayajamtosha?"

Basi niyaandike hapa, maana hakuna mwingine nitakayemwambia. Mdogo wangu alifeli mara tatu, zote ndani ya Kibiriti, zote kwa kuzimisha gari wakati wa kuondoka. Kila mara aliniambia, "Dada, gari linaruka." Kila mara nikamjibu kuwa gari halina miguu. Siku ya tatu nilirudi nimejaa hasira, nimeaibika mbele ya ofisa wa mtihani — mwalimu mzima, ndugu yake hajui kuondoa gari! Tukiwa mlangoni, Mama yupo palepale, nikamwambia aache kujisumbua, kuna watu hawakuzaliwa na mguu wa gari, akae na ufagio wake.

Akasema, "Haya, dada." Akavaa viatu.

Na hili ni baya zaidi, nimelijua juzi tu, nimekaa nikilizunguka tangu Jumanne. Wanafunzi wote ninawasaidia. Sikujua, ila ninawasaidia. Mguu wangu huwa juu ya klachi ya pili, na mwanafunzi akiachia vibaya naipokea kidogo, kidogo tu, gari linaondoka, naye anadhani ni yeye. Ndiyo maana wakienda kwenye mtihani, ofisa akikaa kiti changu na mguu wangu haupo, wengi wanazimisha mara ya kwanza. Tunasema ni woga.

Lakini kwa mdogo wangu nilikunja miguu. Nilimwambia kabisa, "Wewe ni ndugu yangu, sitakubeba, watu watasema." Nilikaa pale kama abiria, miguu chini ya kiti, somo baada ya somo. Yeye peke yake ndiye aliyeendesha Kibiriti kama lilivyo.

Na aliyekuwa anasema kweli ni yeye.

Jumatano, 12 Machi

Siku nzima bandani. Nilikataa kwenda nyumbani. Nilitaka kuziona maunti zikitoka.

Fundi aliweka jeki chini ya sampu, lile bakuli la oili, na kati ya jeki na bakuli akaweka kipande cha ubao, vinginevyo unatoboa. Akapandisha pole pole, si kuinua injini, ni kuipokea uzito tu. Akasema mtu akipandisha sana anang'oa mabomba, akipandisha kidogo bolti hazitoki. Mimi nikashika taa.

Maunti ya kulia ilitoka vipande viwili. Mpira ulikuwa umechanika kutoka kwenye chuma chake, mweusi, unamomonyoka kama keki ya juzi. Nikauminya, ukaniachia unga kiganjani. Kitu chenyewe hakifiki ukubwa wa ngumi. Ile ya nyuma imekatika nusu. Ya kushoto ilikuwa bado imeshika, lakini Fundi alipoipinda ilifunguka mdomo.

Mpya ni ngumu, zinanuka duka. Alizifunga bolti kwa mkono tu, zote, legevu. Nikamuuliza mbona hakazi. Akasema ukikaza sasa utaufunga mpira ukiwa umejipinda, na utatetemeka hivyo milele. Kwanza ushushe jeki, uwashe, uiache injini ikae inavyotaka yenyewe, ndipo ukaze.

Tukashusha. Akawasha. Nikakaa kiti cha mwalimu na kutazama kioo changu kidogo cha nyuma. Kwa mara ya kwanza sijui tangu lini kioo kilikuwa kimetulia. Niliuona uso wangu mzima, hautikisiki. Sikuupenda.

Fundi akakaza bolti zote, akaingia: gia ya kwanza, klachi, bila mafuta. Likaondoka. Bila ngo.

Ningeishia hapo kuandika.

Akaleta daftari. Daftari la ukaguzi: kila Jumatatu Fundi anakagua magari, anaandika alichokiona, mwalimu anasaini "nimejulishwa", ndipo anapewa ufunguo. Akasema nisaini ya leo, maunti tatu mpya. Safari hii nikasoma kabla ya kusaini. Akaniona nasoma. Akachukua daftari, akarudisha kurasa nyuma, nyingi, akaliweka tena mbele yangu, akaondoka kwenda kunawa mikono.

Jumatatu, 13 Mei, mwaka jana. Mwandiko wake wa penseli: Maunti ya kulia imepasuka, injini inaruka, klachi itamsumbua mwanafunzi. Mwalimu asiwalaumu wanafunzi hadi litengenezwe.

Chini yake: Nimejulishwa. Na saini yangu, ile yenye mkia.

Jumatatu iliyofuata, hivyo hivyo. Na iliyofuata. Kumi na nne nimezihesabu. Mikia kumi na minne. Baadaye akachoka, akaacha kuliandika hilo. Huwa nasaini nimesimama, mkono mmoja kalamu, mwingine umeshanyoosha kiganja kupokea ufunguo. Sijawahi kusoma hata mstari.

Mtihani wa kwanza wa mdogo wangu ulikuwa 21 Mei. Siku nane baada ya saini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda chekechea. Nilipiga moyo konde, nikaenda saa ya mapumziko.

Alikuwa anasugua viti vidogo uani, kavipanga mstari, povu mpaka kwenye viwiko. Kanenepa kidogo. Au mimi nimesahau. Hakusimama.

Nikamwambia yote. Nilidhani nitamwambia yote. Nikamwambia maunti zilikuwa zimekufa, injini ilikuwa inavuta kebo, klachi ilikuwa inajiachia yenyewe. Nikamwambia wengine nilikuwa nawasaidia kwa mguu wangu bila kujijua, na yeye sikumsaidia. Nikamwambia hakuwa yeye. Nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya viti arobaini.

Akaendelea kusugua kiti kilekile muda mrefu. Halafu akasema, "Niliwaambia."

"Ulisema."

"Nilisema linaruka. Mara ngapi nilisema?"

Nikasema mara nyingi. Akauliza kama shuleni kuna mtu alijua. Hapo. Hapo ndipo. Mdomo wangu ukafunguka, ukasema Fundi aliandika kwenye daftari na Wiki-Ijayo alikaa kimya. Ni kweli. Kila neno lake ni kweli.

Akafyonza. Akasema huyo mzee ana roho ya jiwe. Nikaitikia kwa kichwa! Nilisimama pale naitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonewa pamoja naye.

Nimemwambia gari liko tayari, aje Jumamosi. Akasema ataona.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja. Kavaa viatu vyake vya soli nyembamba, anakumbuka nilichomfundisha. Tulikwenda uwanja ule wa zamani nyuma ya ghala. Akarekebisha kiti, vioo, mkanda. Akashika usukani, akavuta pumzi. Miguu yangu nimeikunja chini ya kiti. Safari hii nilikuwa na sababu ya kufanya hivyo, nikamwonyesha: tazama, sipo.

Akaachia klachi. Gari likaondoka.

Akasimama. Akaondoa tena. Akasimama. Kwenye mlima, akaondoa. Mara kumi, ishirini, sijui. Hakuzimisha hata mara moja. Alianza kucheka, kicheko cha puani, halafu akaegesha pembeni kwa indiketa na kila kitu, akalia. Si sana. Akajifuta kwa mgongo wa mkono, akasema, "Mwaka mzima, dada, nilikuwa nikipanda ngazi naitazama miguu yangu."

Kaniita dada. Miezi minane.

Nikamwambia nitamwandikisha mtihani wa tarehe 25. Akasema kuna jambo moja. Mwalimu mkuu ana karatasi zake zote tatu za kufeli kwenye faili. Kamwambia hata akipita sasa, wazazi watauliza mtu aliyefeli mara tatu kwa kuzimisha gari anapewaje watoto wao. Anataka maandishi kutoka shule ya udereva kuwa kosa lilikuwa la gari.

Nikasema nitashughulikia. Nikasema kwa sauti ya mwalimu. Ni rahisi sana ile sauti.

Jumatatu, 17 Machi

Wiki-Ijayo hataki kuandika barua. Na safari hii hakusema wiki ijayo, alisema hapana. Akiandika kwa mmoja, kesho wote waliofeli wako mlangoni, na atawajibu nini? Akaongeza, huku anapanga kalamu zake, kwamba kama ni maandishi, daftari lipo, lina kila kitu, lina hata saini. Akatabasamu kidogo. Anajua! Huyu mtu anajua kabisa na ameketi juu ya jambo hili kama kuku.

Nikasaini ya Jumatatu hii. Nilisoma. Waipa moja ya kioo inakwaruza.

Jumanne, 18 Machi

Nimepiga picha ya ukurasa ule kwa simu. 13 Mei. Nilingoja Fundi atoke.

Nilikaa ndani ya Kibiriti nikaitazama. Ukurasa uleule unaomtoa mdogo wangu ndio unaonitia mimi ndani. Mistari minne ya penseli inasema hakuwa yeye, mstari wa tano unasema ni nani.

Nikaweka kidole chini ya picha, nikaikata. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Ikabaki mistari minne, safi, tarehe juu. Nikamtumia.

Akajibu palepale: Mungu akubariki dada.

Jumatano, 19 Machi

Sina hamu ya kuandika.

Nimerudi kutoka kazini na mdogo wangu alikuwa bado yupo. Alinisubiri. Amepika, amemwogesha Mama, kandambili zake ziko mlangoni kando ya zangu. Tumekula watatu. Mama ameongea leo kuliko mwezi mzima, kacheka mpaka akakohoa, kakumbusha nilivyomfundisha mdogo wangu baiskeli, nilivyokuwa nakimbia nyuma nimeshika kiti na kumdanganya kuwa nimeachia. Mdogo wangu akasema yeye alijua kila mara kama nimeshika au nimeachia. Alikuwa anasikia.

Wakati wa kuosha vyombo alinigusa bega akaomba msamaha. Yeye! Kwamba alinihesabia kosa ambalo lilikuwa la Wiki-Ijayo.

Nilikuwa na sahani mkononi. Ningesema pale. Nimesuuza sahani ile mpaka imeisha rangi.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika ndani ya gari, kiti changu, nje ya ofisi. Daftari hili la siku zangu huwa haliendi kazini, leo nimekuja nalo, sijui kwa nini. Labda nilidhani nitalisoma kwa sauti.

Tulikuwa na somo la mwisho kabla ya mtihani. Ameendesha mji mzima. Mzunguko, mlima, kuegesha kwa nyuma kati ya malori mawili, hata mimi nilimeza mate. Atapita. Hata ofisa akikaa na fimbo, atapita. Tulipokuwa tunarudi akasema, kama mtu anayesema jua limetoka, tupitie ofisini mara moja. Nikauliza kuna nini. Akasema mwalimu mkuu ameiona picha, amefurahi, ila anasema imekatwa chini. Anataka ukurasa mzima, uonekane na mtu aliyesaini kupokea taarifa, ndipo aweke kwenye faili.

"Nitapiga nyingine mimi mwenyewe," akasema. "Nawe umehangaika vya kutosha."

Hiyo ilikuwa kwenye taa za mwisho. Kutoka pale hadi ofisini ni dakika nne. Nilikuwa na dakika nne na nimezitumia kumwambia abadilishe njia, kuna lori. Akabadilisha vizuri sana.

Ameegesha, hendibreki, gia ya kwanza, kazima. Ufunguo kachomoa. Ndivyo ninavyowafundisha wote: ukishuka, ufunguo shuka nao, hata kama mwalimu yumo.

Namwona kupitia dirisha la ofisi. Wiki-Ijayo kamtolea daftari kabatini, bila hata kuulizwa mara mbili. Kamfungulia ukurasa. Sasa kajiegemeza kwenye kiti, mikono tumboni.

Ningeweza kupiga honi. Ingesikika.

Anapiga picha. Simu ameishika kwa mikono miwili, kaikaza isitikisike.

Ameishusha. Ameinama. Anasoma kwa kidole, ndivyo alivyo tangu mdogo, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kimefika chini. Kimesimama.

Sasa anafunua. Ukurasa mmoja. Kidole kinakwenda moja kwa moja chini. Anafunua mwingine. Chini. Mwingine. Sita. Saba. Wiki-Ijayo anasema kitu; kidole kinaendelea. Nane.

Mguu wangu uko juu ya klachi ya pili. Nimeukuta hapo. Gari limezimwa na mguu wangu umekanyaga mpaka mwisho.

Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Amefunga daftari. Hakunitazama dirishani. Anatoka, anashuka ngazi, anaitazama miguu yake. Mvua imeanza. Ufunguo anao yeye. Sijui atafungua mlango upi, wake au wangu.